Hatua ya Pili, kwa Mujibu wa Mfuko

Fundi aliivuta kamba ya chaki kutoka mguu wa meza ya kazi hadi kizingiti cha mlango, akaibana kwa kidole gumba, akaipiga. Mstari mweupe ukalala sakafuni, umenyooka kama sheria inavyomnyookea mnyonge. Kisha akamwambia mke wake, "Haya, tembea juu yake, njoo mpaka hapa."

Mke wake alikuwa na miaka hamsini na tatu, na kumi na tisa kati ya hiyo ilipitia kwenye jiko la kuni la shule moja ya bweni, akipikia wanafunzi mia sita. Mtaa mzima ulimwita Mpishi. Akavua kandambili, akautazama ule mstari.

"Baba watoto, umri huu unanipeleka jeshini?"

"Tembea, mama."

Akatembea. Mwanzo ulikuwa mzuri. Katikati ya njia nyonga ya kushoto ikashuka kama mlango uliolegea bawaba, unyayo ukatoka nje ya mstari, na mkono ukakimbilia rundo la mbao kutafuta pa kushika.

"Umechechemea."

"Inauma."

"Najua inauma. Nataka wao wasijue."

Akarudi mwanzo. Akarudia mara ya pili, ya tatu, ya saba. Fundi alikaa kwenye kigoda, penseli sikioni, akimtazama kwa jicho lile lile analotazamia ubao wenye kifundo kibovu. Ubao wa namna hiyo una dawa yake: unachanganya vumbi la msumeno na gundi, unaziba, unapiga msasa, unapaka vanishi, na mteja anaondoka akisifu. Miaka thelathini ya useremala ilikuwa imemfundisha kwamba mnunuzi hununua anachokiona. Hakuona kwa nini ofisi iwe na macho makali kuliko mnunuzi.

"Usiuangalie mguu," alimwagiza. "Angalia mbele, kama unamwendea mtu anayekudharau."

"Hilo rahisi," Mpishi alisema. "Si nimeolewa nawe?"

Fundi akacheka. Mpishi naye akacheka, kikohozi kikamkatiza, akainama mpaka kikapita. Alipojifuta mdomo akarudi mwanzo wa mstari bila kuambiwa.

* * *

Mambo yalikuwa hivi. Ndani ya pafu la kulia la Mpishi walikuta uvimbe, na kinyama kilichonyofolewa kwa sindano kikarudi na jibu la saratani. Fundi aliuza mashine yake ya randa ili jibu hilo lipatikane, na lilipopatikana akaambiwa halitoshi. Lazima kwanza ijulikane ugonjwa umefika wapi, uandikiwe hatua, kuanzia ya kwanza hadi ya nne.

Aliyewaeleza alikuwa daktari kijana, mwanamke mwembamba ambaye mkono mmoja wa miwani yake ulishikwa kwa plasta. Wagonjwa walimwita Miwani. Alichora pafu kwa kalamu juu ya boksi la glovu, maana karatasi za hospitali ziliisha tangu mwezi uliotangulia.

"Tunajiuliza mambo matatu," alisema. "La kwanza, uvimbe wenyewe una ukubwa gani, na umekamata nini pale ulipo. La pili, umeingia kwenye tezi? Kuna vitezi hapa katikati ya kifua, ni kama vituo vya njiani. La tatu, umetoka huko ukaenda kukaa kwingine? Kwenye ini, kwenye mifupa, kokote. Majibu hayo tukiyaweka pamoja ndipo tunapata hatua."

"Ni mchwa," Fundi alisema.

Miwani akainua macho.

"Mtu akiniita mlango wake umeliwa, siji na mlango mpya begani. Nachokonoa kwanza. Wameishia kwenye ubao? Wameingia kwenye fremu? Au wameshapanda darini? Ubao unabadilisha. Fremu ina kazi, lakini unapambana nayo. Darini sasa..." Akanyamaza, maana mke wake alikuwa amekaa pale pale, mikono mapajani.

"Ni hivyo hivyo, mzee. Ila hatua haisemi mtu atakufa lini. Inatuambia tushike chombo gani."

"Na wakiwa darini, mnashika chombo gani?"

Miwani akafungua mdomo kujibu. Hapo hapo pazia likavutwa, nesi akasema kitanda cha saba mtu anashindwa kupumua. Miwani akainuka na boksi lake. "Nitawamalizia mkija tena," alisema, akatoweka.

Alikuwa daktari mmoja kwa wagonjwa sitini. Wakubwa walikuwa wameajiri wengine watatu wa kumsaidia. Watatu hao waliishi kwenye karatasi, walilipwa kwenye karatasi, na mshahara wao ulikwenda kulala nyumba ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja. Kwa hiyo swali la darini likabaki hewani, na swali likibaki hewani hakosekani wa kulidaka.

Aliyelidaka alikuwa mdogo wake Mpishi, mlinzi wa lango kuu la hospitali. Watu walimwita Mjuaji, na yeye alidhani wanamsifu.

"Shemeji, sogea nikupe ya ndani," alisema, akijishika mkanda wa sare. "Hatua ya nne hapa hawaigusi. Wanampa mtu karatasi, wanamwambia kapumzike nyumbani. Sisimuliwi mimi, naona kwa macho. Mimi ndiye ninayewafungulia lango wakitoka, na sijamfungulia hata mmoja akirudi."

"Hata mmoja?"

"Miaka sita, shemeji. Hata wa kusingiziwa. Na kama huniamini mimi, amini ukuta."

Akamwonyesha waraka uliobandikwa karibu na kibanda chake. Mfuko wa Matibabu utawagharimia wagonjwa wa hatua ya kwanza hadi ya tatu. Hatua ya nne haimo, kwa kuzingatia matumizi bora ya rasilimali. Chini yake sahihi ya Mkurugenzi, mtu ambaye akipiga chafya mbili hupandishwa ndege akatazamwe pua ng'ambo. Waraka ulikuwa ndani ya nailoni ngumu, labda usije ukalowa machozi ya watu.

"Dada si analalamikia nyonga?" Mjuaji akanong'ona.

Fundi akaitika kwa kichwa.

"Basi asilalamike. Mashine ya kupimia mifupa ipo, ilikatiwa utepe, mkubwa akapigwa picha ameiwekea mkono kama ng'ombe wake. Mwaka wa pili huu haijawashwa. Kwa hiyo wanachofanya ni kuuliza tu. Unaumwa mahali pengine? Ukisema ndiyo, umejimaliza mwenyewe. Ukisema hapana, wanaandika hapana."

Jioni ile ile Fundi aliishusha kamba ya chaki kwenye msumari wake.

* * *

Siku ya kuulizwa waliambiwa wafike saa moja asubuhi, na waliitwa saa saba mchana. Kwenye korido walikokaa mtu alikuwa ameandika ukutani, kwa rangi ya bluu na herufi nzuri: Mficha maradhi kilio humuumbua. Fundi aliisoma mara nyingi kuliko alivyotaka. Aliyeiandika, aliwaza, angeongeza mstari wa pili, aseme mwenye kuyataja maradhi anafanywaje.

Madirisha yalikuwa matatu na swali lilikuwa moja. Karani wa dirisha la kwanza hakumtazama Mpishi, alimtazama Fundi, kama mtu anayeuliza habari za gari.

"Huyu mama anavuta sigara?"

"Havuti."

Dirisha la pili, swali lile lile, na safari hii karani aliongeza, "Mseme ukweli tu, siku hizi hata kina mama wanavuta." Dirisha la tatu Mpishi alimtangulia mumewe.

"Mwanangu, mimi nimevuta moshi wa kuni wa kupikia watu mia sita, miaka kumi na tisa. Kila bajeti walituahidi bomba la kutolea moshi. Mwalimu mkuu akajengewa baraza."

Karani akawaza kidogo, kalamu juu ya fomu. Kisha akaandika: Anavuta.

"Nimesema sivuti sigara."

"Hapa hakuna nafasi ya maelezo, mama. Ni ndiyo au hapana. Anayefuata."

Walipofika kwa Miwani alikuwa anakula chakula chake cha mchana kwa kusimama, mkono mmoja ukipekua faili. Aliuliza kikohozi, aliuliza damu, aliuliza kupungua uzito. Halafu akauliza lile walilolijia.

"Ukiacha kifua, mama, kuna mahali pengine panauma? Mgongo, nyonga, mifupa?"

"Hapana."

Lilitoka haraka mno. Miwani akaacha kutafuna. "Hata kidogo?"

"Hapana, daktari."

"Hebu inuka, nenda mpaka mlangoni, urudi."

Sakafu ilikuwa ya vigae. Mpishi akautafuta mstari ulio kati ya kigae na kigae, akaukanyaga, akaangalia mbele. Alikwenda, akageuka, akarudi, hakuyumba. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, matone madogo yaliyopangana, na Fundi peke yake ndiye aliyeyaona. Akajivunia. Ndiyo, akajivunia, kama anavyojivunia kabati linalotoka karakana huku kifundo kimezibwa na hakuna anayejua kipo upande gani.

Jumatano jopo la madaktari likakaa. Walitazama picha ya kifua, wakapima uvimbe, wakakuta tezi moja ya jirani imeguswa. Penye mstari wa kusambaa mwilini wakasoma alichoandika Miwani, kwamba mgonjwa hana maumivu mengine, anatembea vizuri. Wakaandika hatua ya pili.

"Hongera, shemeji," Mjuaji alisema langoni. "Hiyo ni ya kukatwa. Hiyo ni ya kupona."

Fundi akampa mkono. Mpishi alikuwa nyuma yao, ameushika mlingoti wa bendera.

* * *

Barua ya Mfuko ilichukua wiki tano. Katika wiki hizo Mpishi alianza kufagia kwa kuegemea ufagio, akaacha kupanda ngazi za duka, akahamisha godoro chini, akasema kitanda kina joto. Fundi alimwuliza mara moja tu, "Inazidi?" Akajibiwa, "Ipo pale pale." Jibu lile likamtosha, kwa sababu ndilo alilolitaka.

Ofisi ya Mfuko ilikuwa na ubaridi wa kiyoyozi na zulia linalomeza kandambili. Afisa aliyekaa hapo alikuwa na mihuri minane imesimama mbele yake kama askari, na watu walimwita Bwana Mhuri, kwa siri. Alimtaka mgonjwa mwenyewe afike. Mpishi akavuka zulia lisilo na mstari wowote wa kufuata, akafika, akaweka dole gumba.

"Huyu mama mzima kabisa," Bwana Mhuri akamwambia Fundi. "Ndio tunaowataka hawa. Wengine mnatuletea watu wameshaisha, takwimu zetu zinaharibika."

"Ahsante, mkubwa," Fundi alisema. Akajisikia akilisema. Lilitoka lenyewe, laini, limepigwa msasa.

Bwana Mhuri akagonga mihuri mitatu. Nje, kwenye ngazi, Mpishi aliomba wakae kidogo. Walikaa robo saa, watu wakiwaruka.

"Mama watoto, kesho kutwa wanakulaza. Baada ya hapo yameisha."

"Yameisha," Mpishi alisema.

* * *

Miwani alikuja wodini na fomu ya kuridhia upasuaji saa nne asubuhi, siku moja kabla ya kisu. Mpishi alikuwa amelalia ubavu wa kulia, uso ukutani. Miwani akamgusa bega, akaeleza taratibu, maana safari hii hakuna aliyemwita mbio.

"Tutatoa sehemu ya chini ya pafu la kulia, pamoja na tezi. Pumzi itapungua, sitakudanganya, mama. Lakini kwa hatua ya pili inafaa, kwa sababu ugonjwa wote bado uko mahali pamoja na tunaweza kuutoa."

Akampa Fundi kalamu atie sahihi kama shahidi. Fundi akaishika kama anavyoshika penseli ya kazi, kwa vidole vitatu, na akauliza huku akitazama karatasi.

"Na kama si wote uko hapo?"

"Hapo tusingempasua. Tungemkata pafu, ugonjwa ubaki, na pumzi nusu iende. Tungekuwa tumemwongezea mateso tu."

Kalamu ikabaki juu ya karatasi. Kitanda cha jirani mtu alikuwa anapiga simu na haipokelewi.

"Daktari, siku ile hukunimalizia. Wakiwa darini, mnashika chombo gani?"

Miwani alichukua muda kukumbuka, kisha akakumbuka. "Hatua ya nne? Mionzi, kama kuna mfupa unaouma. Siku tano, wengine siku moja tu, maumivu yanashuka, mtu analala. Na dawa za kupunguza kasi. Hatuung'oi ugonjwa, lakini tunampa mtu miezi yake aiishi kama mtu."

"Mfuko hawalipi."

"Mionzi ya maumivu ni ya hospitali, mzee. Ni bure. Waraka wake upo."

"Upo wapi? Mimi nyaraka zote za ukutani nazijua kwa moyo."

Miwani akaivua miwani yake, akaitazama ile plasta. "Uko kwenye droo ya mkuu wa idara. Anasema ukibandikwa watu watajaa."

"Shemeji yangu yuko langoni miaka sita. Hajaona hata mmoja akirudi."

"Jengo la mionzi liko nyuma. Wanaingilia lango la nyuma, lina mlinzi wake."

Fundi akacheka kicheko kikavu, cha mtu aliyejigonga nyundo kidoleni na hana wa kumlaumu karibu. Akaiweka kalamu chini. Alipokuwa anatafuta maneno aliona kwamba hayapo mengi.

"Anaumwa nyonga. Ya kushoto. Tangu kabla hamjachukua kinyama. Mimi ndiye niliyemfundisha aseme hapana, na nikamfundisha kutembea."

"Baba watoto," Mpishi alisema, uso ukutani.

Miwani akaivaa tena miwani yake. "Unajua ulichotaka kutufanyisha, mzee?"

"Najua. Na ninyi mnajua mlichotufanyisha?"

Miwani akachana fomu katikati, akaandika nyingine, akamwita mtu wa kusukuma kiti.

Mashine ya mifupa iliendelea kulala ndani ya nailoni yake. Picha ilipigwa kwa mashine kuukuu ya eksirei iliyo chini ya ngazi, ile wanayopigwa watoto walioanguka miti, na ikachukua dakika kumi. Miwani akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye mfupa wa nyonga palikuwa na tundu jeusi, ukubwa wa kifungo cha koti.

"Picha hii ningeiomba siku ile ile ya kwanza," alisema. "Mngesema neno moja."

* * *

Barua iliyochukua wiki tano kuja ilichukua saa moja na nusu kuondoka. Bwana Mhuri mwenyewe ndiye aliyeifuata, kwa miguu, jasho likimtoka nje ya ubaridi wake. Fundi hakujua kwamba mtu yule ana miguu.

"Mmekidanganya chombo cha umma," alisema, akiikunja barua.

"Chombo hicho nacho kisingetudanganya kwamba ni cha umma," Fundi alijibu.

"Mzee, ningeweza kukufungulia kesi."

"Fungua. Iandikie hatua."

Bwana Mhuri akatazama huku na huku, akaona wagonjwa wamenyamaza wanasikiliza, akalainika. "Sikia mzee wangu. Sisi hatuna ubaya. Ni utaratibu."

"Na kwenye takwimu zenu mtamwandikaje?"

"Taarifa ya robo mwaka imeshapelekwa juu. Haiwezi kurudishwa." Akakohoa kidogo. "Itabaki kwamba mama ni hatua ya pili, amegharimiwa, ametibiwa."

Mtu wa kitanda cha jirani, ambaye simu yake haikupokelewa, akacheka mpaka akashika mishono. Bwana Mhuri akaondoka. Fundi naye angecheka, na angesimulia jambo lile mtaani kwa mwaka mzima. Alikuwa na kipaji cha kuwasema wakubwa. Watu walikuja karakana bila kazi yoyote, wakakaa juu ya mbao, ili tu wamsikie akiwachana mkurugenzi, diwani na mwalimu mkuu mwenye baraza.

Miwani akarudi na fomu mpya, akavuta stuli karibu na kitanda. "Mama, tunaanza upya. Mionzi ya nyonga nimekuombea Jumatatu. Lakini sasa nataka uniambie kila mahali. Hakuna jibu baya. Ukiniambia mengi sikunyimi kitu."

Mpishi akageuka kutoka ukutani, kwa shida, akashika chuma cha kitanda mpaka akakaa. Akamtazama daktari. Kisha akamtazama mumewe, kwa upole wa kumtazama mgeni ambaye hajui wakati wa kuondoka.

"Naomba baba watoto atoke kidogo."

"Mama, ni mimi," Fundi alisema.

"Ndiyo. Toka kidogo."

Fundi akamtazama Miwani, kama anayekata rufaa. Miwani alikuwa anatafuta kalamu. Akatoka, pazia likavutwa nyuma yake, akasimama hapo hapo. Pazia lile lilikuwa shuka tu.

"Kichwa," alimsikia mke wake akisema. "Kila asubuhi. Kinaanzia hapa nyuma. Mwezi wa pili sasa."

"Kutapika?"

"Natapika kabla hajaamka, nafuta. Na jicho hili la kulia linaona vitu viwili viwili. Siku ya kwenye zulia niliona maafisa wawili."

"Mgongo?"

"Usiku. Ndiyo maana nililala chini, godoro la kitandani siliwezi. Yeye nilimwambia joto."

Kalamu ikaandika kwa muda. "Ya kichwa haya kuna dawa ya kupunguza uvimbe, mama, ungeanza mwezi uliopita. Tunaanza leo. Lakini kwa nini hukumwambia hata mumeo?"

Fundi akashika ukingo wa ukuta. Mpishi alikohoa, akapumzika.

"Mwanangu, nyonga nilimwambia. Ukaona alivyoifanya. Nikasema haya mengine nikimpa, atataka niyabebe nayo vizuri, na mimi nimechoka. Nilikuwa na wakubwa wawili, yule wa Mfuko na huyu wa nyumbani. Wote wanataka niwe hatua ya pili."

Halikuwa neno la hasira. Lilisemwa kama mtu anavyotaja anwani yake.

"Endelea, mama."

"Bega la kushoto," Mpishi akasema, na akaendelea.

Nesi alipita na sinia la dawa akamkuta Fundi amesimama, sikio karibu na shuka. "Mzee, habari za mgonjwa hazisikilizwi hivyo. Kaa pale benchini. Ukihitajika utaitwa."

Maishani mwake hakuwahi kutokea mtu mwenye sare akamwambia neno kama hilo, akaondoka bila jibu lake. Nesi mwenyewe alisimama kulingoja, sinia mkononi. Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akaenda kwenye benchi, akawasogeza waliokuwapo, akakaa mwishoni mwa foleni.